Re: Tableti imejaa, picha sitaki zipotee

Salaam mkuu. Tableti ya GB 32 inagoma kupiga picha, inaandika nafasi imejaa, na picha za zabibu za Hombolo, Dodoma, hutaki ziguswe. Basi usizifute. Anza na WhatsApp.

Hapo ndipo nafasi inapoishia kwa wengi wetu. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, halafu usimamizi wa hifadhi. Utaona magrupu yamepangwa kwa ukubwa, na video zilizosambazwa mara nyingi zimewekwa peke yake: mahubiri, mabao ya mpira, maua ya "asubuhi njema". Zifute hizo, kisha uzime upakuaji wa otomatiki, la sivyo wiki ijayo utarudi hapa.

Kwenye programu nyingine futa kache tu, yaani mafaili ya muda. Kitufe cha kufuta data kiache kabisa, kinaondoa kila kitu cha programu hiyo.

Picha zako zipandishe Google Photos, hifadhi ya picha ya mtandaoni, ukiwa na waifai au bando la usiku. Bure ni GB 15, ila barua pepe zako za Gmail nazo zinakula humohumo. Hakikisha zimefika: zifungue kwenye simu nyingine kwa akaunti ileile. Ukishaziona, tumia "Ongeza nafasi". Inaondoa kwenye tableti zile zilizohifadhiwa tayari. Usizifute moja moja ndani ya programu hiyo, maana zitafutika kotekote, na kwenye tupio hukaa siku 60 tu.

Memori kadi nayo inafaa. Ukinunua pale sokoni Majengo, nakili faili kubwa kwenye kadi na ulifungue palepale dukani kabla hujalipa, ujue kama si feki.