Maswali ya Wasomaji: Ndege Inayolalia Kushoto Mara Inapoachwa Mkononi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, naomba msaada kuhusu ndege yangu ya mfano, ya povu, isiyo na mkia, yenye upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha na propela iliyofungwa nyuma. Ikishakuwa hewani huruka imenyooka, lakini kila ninapoirusha kwa mkono, mota ikiwa imefunguliwa nguvu zote, hulalia kushoto na kugonga ardhi kwa ncha ya bawa kabla sijashika vizuri vijiti vya rimoti. Nimekwisha kuigundisha pua mara tatu. Je, niipinde mota pembeni kidogo, au ninunue yenye nguvu zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, mota yenye nguvu zaidi itakuzidishia tatizo, na kuipinda pembeni hakutakusaidia sana, kwa sababu pembe hiyo hugeuza pua kulia au kushoto, ilhali ndege yako inabiringika. Kinachoibiringisha ni msokoto. Mota inapoizungusha propela upande mmoja, propela nayo huisukuma mota, pamoja na ndege nzima, kuzunguka upande wa pili. Propela ya kawaida, ukiitazama kutoka nyuma, huzunguka kama mishale ya saa, na kwa hiyo ndege hulalia kushoto. Wale ndugu wawili wa Marekani, Wright, ambao ndege yao ya mwaka 1903 ilikuwa na propela mbili za nyuma zilizozungushwa kwa minyororo, waliupishanisha mnyororo mmoja kama namba nane ili propela zizunguke kwa kupingana na misokoto yake ifutane. Sisi wenye propela moja hatuna nafuu hiyo.

Tuchukue mota inayotoa wati 300 kwenye ekseli kwa mizunguko 10,000 kwa dakika. Msokoto wake ni sawa na kutundika uzito wa gramu 50 hivi kwenye ncha ya bawa lako la kushoto. Ndege inayokwenda mita 16 kwa sekunde huumudu uzito huo bila wewe kutambua, lakini inapotoka mkononi kwa mita 8 kwa sekunde, vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa, vinavyoiongoza ndege, hubaki na robo tu ya nguvu yake, kwa kuwa nguvu hiyo hufuata mraba wa mwendo wa hewa. Tena, propela ya mbele hupuliza upepo juu ya bawa na vibao vyake tangu sekunde ya kwanza. Ya nyuma huutupa upepo wote nje, na vibao vinabaki kungoja mwendo wa ndege yenyewe.

Ndiyo maana ninakusihi uipe ndege mwendo kwanza, nguvu baadaye. Anza kwa kuirusha mota ikiwa imezimwa, juu ya nyasi ndefu, ukielekea upepo unakotoka. Ikiteleza hewani bila kulalia upande, umethibitisha kwamba kosa ni la msokoto. Ikilalia kushoto hata hapo, chunguza uzani wa mabawa, na uchunguze mkono wako pia, kwani mrushaji wa mkono wa kulia mara nyingi humalizia mkono ukikata kuelekea kushoto na kuivuta ndege huko huko. Irushe kama mkuki, kwa nguvu, kiganja kikimalizia mbele yako, pua ikiwa imeinuka kidogo tu na bawa la kulia likiwa limeshushwa kama nyuzi 10.

Ukisharidhika, rusha kwa nguvu ya wastani. Mizunguko ikipungua kutoka 10,000 hadi 7,000, msokoto hupungua kwa nusu, nao msukumo unaobaki kwa kawaida huitosha ndege nyepesi ikiwa umeirusha barabara. Hesabu sekunde moja au mbili, kisha ongeza nguvu polepole. Wengine huweka swichi kwenye rimoti inayovisogeza vibao kwa milimita 2 au 3 upande wa kuibiringisha ndege kulia na kuvinyanyua kidogo wakati wa kurusha tu. Njia hiyo naipenda, mradi ukumbuke kuizima swichi hiyo mara ndege inapopata mwendo. Kama ndege yako ina kompyuta ndogo ya kuongozea yenye programu kama iNav, tumia hali yake ya kurushia: hungoja kuhisi mrusho, ikachelewa kidogo, ndipo ikawasha mota. Faida yake kubwa kwangu ni usalama wa vidole, kwa sababu propela ya nyuma hupita karibu mno na kiganja kilichoiachia ndege.

SWALI: Nati ya propela yangu ya nyuma hulegea kila baada ya safari chache, ingawa ya ndege yangu ya propela ya mbele hailegei kamwe. Kwa nini?

JIBU: Propela ya kawaida ikiwekwa nyuma, maandishi yake yakitazama mbele inavyotakiwa, ukinzani wa hewa huivuta nati upande wa kufunguka; propela ikiwa mbele, huivuta upande wa kukaza. Tumia nati yenye pete ya plastiki ndani, na uijaribu kwa spana kabla ya kila mrusho. Unaweza pia kununua propela inayozunguka kinyume, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungwa nyuma, kisha ubadilishane nyaya mbili zozote kati ya tatu za mota isiyo na brashi. Ukifanya hivyo ndege italalia kulia, basi bawa la kushusha wakati wa kurusha litakuwa la kushoto.