Maswali ya msm: lete logi, picha ya erori baki nayo

Wakuu, maswali ya meji moduli yamerundikana, yale mafaili ya .msm unayochomeka kwenye .msi (faili la kuinstoli programu kwenye Windows) wakati wa kubildi instola. Nimeokota machache, kama lako halipo ujue lipo chini ya la mwenzako maana mengi ni yale yale.

*Nikibonyeza msm mara mbili Windows inasema haijui ilifungue na nini. (Uyole)*

Msm haijiinstoli yenyewe, inaingia ndani ya msi basi. Ukitaka kuichungulia tumia Orca, kifaa cha Microsoft cha kufungulia majedwali ya msi na msm, iko kwenye Windows SDK. Hili nalijibu kila mara jamani.

*Kamwene kaka. Instola inafika katikati inarudi nyuma, inasema tu imeshindwa. Picha hiyo hapo. (Mafinga)*

Kamwene. Picha ya kiboksi inanisaidia nini mdogo wangu? Fungua CMD kama admini, andika `msiexec /i duka.msi /l*v logi.txt`, ikishafeli fungua hiyo logi utafute "Return value 3", halafu soma mistari ya juu yake, siyo ya chini, ya chini ni kelele za kufuta kilichoanza kuwekwa.

Nilimbana mpaka akaileta, na ndani kuna erori 2705, jedwali la Directory limeshindwa kuungana kuwa mti. Maana yake moduli imekuja na folda ambayo mzazi wake hayupo kwenye msi yako. Dawa yake, fungua msi iliyokwisha kubildiwa (siyo msm!) kwa Orca, nenda jedwali la Directory, chukua mstari mmoja mmoja ufuate Directory_Parent kwenda juu mpaka ufike TARGETDIR (folda mzizi), ule utakaoning'inia bila kufika ndio mchawi wako. Kama unatumia WiX (zana ya kubildi msi) cheki pia Merge, mstari unaoita msm, umeiweka ndani ya Directory gani, na kama MergeRef, unaoiunganisha na sehemu ya programu inayoinstoliwa, ipo kwenye Feature, nusu ya mnaoniandikia mmeisahau hiyo MergeRef.

*Programu yangu ni ya biti 64, nimeweka Microsoft_VC140_CRT_x86.msm (yenye DLL za Visual C++), kwangu inapiga kazi, kwa mteja Kyela inasema VCRUNTIME140.dll haipo.*

x86 ni biti 32, jina lenyewe limekwambia. Kwako inakubali kwa sababu Visual Studio ilishaweka kila kitu kwenye laptop yako, ungeweza hata kuitoa hiyo msm na bado ingefunguka. Weka mashine pepe yenye Windows tupu ujaribie huko kabla hujapanda gari la Kyela, nauli unalipa wewe na mnunuzi wa kakao anakusubiri na mizani imesimama. Na usije ukachanganya za 32 na 64 kwenye msi moja ili "uwe salama", msi moja jukwaa moja.

*Kwanini kila siku unatuambia tuachane na msm za VC (Visual C++) wakati zinafanya kazi? Wateja wangu Njombe vijijini hawana bando la kudownload vcredist (instola ya Microsoft ya DLL hizo). (dada wa Makambako)*

Afadhali umeuliza. Kwanza siyo mimi, Microsoft wenyewe wamesema zimepitwa na wakati, tangu Visual Studio 2019 haziji mpaka uzitikie mwenyewe kwenye orodha. Sababu ni kwamba ukishaimeji ile DLL imekuwa mali ya msi yako, likipatikana tundu la usalama mwenye DLL hana njia ya kukurekebishia, mpaka wewe ubildi upya umpelekee kila mteja. Na wewe unajijua, ukishalipwa hurudi. Mwaka 2004 lilitokea tundu la picha za JPEG kwenye gdiplus.dll, tangazo MS04-028, Windows ikapachikwa kiraka lakini programu zilizobeba kopi yake pembeni zilibaki wazi mpaka wenyewe wazitengeneze.

Hilo la bando halina mashiko dada yangu. Vcredist ya x64 haifiki MB 30, unaifungia pamoja na msi yako kwenye bando la WiX (kifurushi, siyo la intaneti), ile Burn, linatoka exe moja unaweka kwenye flashi, intaneti haihitajiki hata sekunde. Tena programu za VC 2015 mpaka 2022 zote zinatumia hiyo hiyo moja.

*Nimeiita vcredist kwa kastomu akshoni (amri niliyoongeza mwenyewe) ndani ya msi, inaleta erori 1618.*

Lazima ilete. Windows Installer inafanya usakinishaji mmoja kwa wakati, na vcredist nayo ina msi tumboni. Itangulize kwenye Burn kwa `/install /quiet /norestart`. Na usihamishie akshoni upande wa UI ukadhani umeshinda, siku mtu akiinstoli kimya kimya, bila UI, hiyo akshoni haifanyi kazi, inapitwa.

*Property (kigeu cha msi) LESENI niliyoweka kwenye moduli yangu haionekani kwenye msi.*

Ipo, imebadilishwa jina. Ikiingia kwenye moduli inaongezwa nukta na GUID (namba ya kipekee) nyuma ili isigongane na ya mwingine. Ifanye ya kukonfigyua, yaani msi iweze kuipa thamani, kupitia majedwali ya ModuleConfiguration na ModuleSubstitution. SuppressModularization, ya kuzuia jina lisibadilishwe, ipo kwenye WiX, ila ukiitumia migongano yote ni juu yako.

*ICE30 (moja ya majaribio ya kukagua msi) inalalamika msvcp140.dll ipo mara mbili, naizimaje?*

Huizimi. Umeikopi System32 kwa mkono na moduli nayo imeileta, komponenti mbili GUID mbili, kila moja inahesabu watumiaji wake kivyake, ikiondoka moja inaondoka na faili la mwenzake. Toa hiyo ya mkono. ICE82 kutoka kwenye moduli ya watu ni onyo tu, lipite, ila usiingie kuihariri msm ya mtu.

*Nimeondoa programu lakini DLL bado ipo System32. Fundi mmoja kaniambia niifute. (Mwanjelwa)*

Usiiguse, huenda kuna programu nyingine inaishikilia. Na huyo fundi usimlipe.