Nimeacha sigara, sasa nanenepa: ninywe chai ya kusafisha nikotini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 41. Niliacha sigara wiki 9 zilizopita baada ya kuvuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 18. Nimeongezeka kilo 4, suruali hazifungi. Kuna anayeniuzia chai ya kutoa nikotini iliyoganda mwilini. Rafiki naye anasema nirudie sigara mbili tu kwa siku mpaka nipungue. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja.

Kilo zako 4 ni za kawaida. Wengi wanaoacha huongezeka kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa huja katika miezi 3 ya mwanzo. Punguza na kahawa ya jioni: moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka, hivyo ukiacha, kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Usingizi ukipaa, mtu hushinda akitafunatafuna.

Sigara mbili? Anayevuta moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Na hizo mbili huwa hazibaki mbili.

Sasa hiyo chai, maana nimechoka kuletewa pakiti zake. Nikotini haigandi mwilini; hutoka ndani ya siku chache. Wiki ya 9 unasafisha nini? Nikigeuza pakiti nyuma, mara nyingi nakuta majani ya sena, yaani dawa ya kuharisha. Mtu anashinda chooni, kesho yake mzani unaonyesha kilo moja pungufu, anampigia muuzaji simu kumshukuru! Kilichotoka ni maji na choo. Mafuta yako palepale. Akizidi kuinywa, potasiamu inashuka, na moyo huihitaji hiyo ili upige sawasawa. Utumbo nao unaweza kuzoea, ukagoma kufanya kazi bila chai. Wapo wanaochanganya humo dawa za hospitali bila kuandika popote, kwa hiyo neno "asilia" kwenye pakiti lisikutulize.

Kama umeshaanza kuinywa na unasikia moyo kurukaruka au misuli kulegea, acha leo, uende hospitali na pakiti yenyewe mkononi.