Una pasi ya treni, lakini una kiti? Kwa anayekwenda Frankfurt – Paris – Zurich – Milan na familia

Mkuu, umeuliza kama ukishanunua pasi za Interrail (pasi moja ya kupandia treni za nchi nyingi za Ulaya) kwa ajili yako, shemeji na watoto wawili, bado kuna haja ya kubuku viti Frankfurt hadi Paris, Paris hadi Zurich, na Zurich hadi Milan. Haja ipo, tena kwa vipande vyote vitatu. Na ubuku viti kwanza ndipo ulipie hoteli.

Naishi Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa na nimeona Watanzania wengi wakikwama hapa, kwa sababu tumekua na utaratibu mwingine. Ukikata tiketi ya basi la mkoani unapewa namba ya kiti. SGR ya Dar hadi Dodoma, vivyo hivyo: behewa fulani, kiti fulani. Huku tiketi na kiti ni vitu viwili. Tiketi au pasi inakuruhusu kusafiri. Kiti unakibuku peke yake na mara nyingi unakilipia peke yake. Ndani ya Ujerumani, Uswisi na Austria treni nyingi hazikulazimishi, unaingia na kukaa popote palipo wazi. Lakini treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania huwezi kupanda bila kubuku. Treni ikivuka mpaka ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana wanabeba sheria ya nchi walikotoka.

Hata pale usipolazimishwa, buku kama una watoto au mzee. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga tulikwenda Prague, na siku ya kurudi Berlin ilikuwa Ijumaa ya Julai. Treni haikutulazimisha kubuku, nikaona niokoe euro chache. Tulipopanda, juu ya kila kiti palikuwa na maandishi (Praha ndiyo Prague): Praha – Dresden, Praha – Berlin, Praha – Hamburg. Maana yake vyote vina wenyewe. Mama ana magoti mabovu. Alikaa juu ya sanduku langu pale mlangoni, karibu na choo, na kila alipopita mtu ilibidi mama ainuke. Mto Elbe ulikuwa unapita dirishani, mabonde mazuri sana, yeye ameshika chuma cha mlango kwa mikono miwili. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si ulisema tumelipa?" Alipata kiti Dresden, baada ya saa mbili na zaidi. Swali lile sijalisahau, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu hivi.

Sasa njia yako. Frankfurt – Paris unakwenda kwa ICE (treni ya kasi ya Wajerumani) au TGV (ya Wafaransa), kama saa nne, na kubuku ni lazima. Tangu Desemba 2024 kuna pia ICE ya moja kwa moja kutoka Berlin hadi Paris inayopita Frankfurt na Strasbourg, nayo iangalie. Paris – Zurich ni TGV, lazima tena. Hapo sikiliza vizuri: TGV hutenga idadi maalumu ya viti kwa wenye pasi. Vikiisha, treni inaweza kuwa bado na nafasi tele lakini wewe na pasi yako hupati, labda ununue tiketi kamili. Familia ya watu wanne ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu kiti kimoja kimoja kinaweza kubaki lakini vinne havipatikani.

Zurich – Milan ina nafuu. Treni za EuroCity, zile zinazovuka mipaka ya nchi, zinataka ubuku ukivuka mpaka kuingia Italia, lakini ukikosa, panda treni yoyote ya Uswisi hadi Lugano, unapita humo humo kwenye handaki la Gotthard lenye urefu wa kilomita 57, kisha Lugano uchukue treni ya mkoa hadi Milano Centrale. Hiyo haibukiwi kabisa. Mimi nimeipita hivyo mara mbili; unachelewa kidogo tu.

Watoto wako wana chini ya miaka 12, kwa hiyo pasi zao ni bure, ila viti vyao utavilipia. Usije ukabuku viwili ukidhani watapakatwa. Jambo jingine, pasi yako ni Interrail kwa sababu unaishi Ulaya. Kama bibi yao anakuja kutoka Bongo kusafiri nanyi, yeye ni Eurail, pasi ya wasioishi Ulaya. Wanaangalia unakoishi, hawaangalii rangi ya pasipoti.

Siku ya safari soma namba ya behewa kabla treni haijafika. Stesheni za Ujerumani kuna herufi kubwa zimening'inia, A, B, C na kuendelea, na ubao unaonyesha behewa lako litasimama herufi ipi. Usikimbilie mlango wowote na masanduku na watoto. Ndani ya Ujerumani, usipokalia kiti chako ndani ya dakika 15 tangu treni iondoke stesheni uliyopandia, haki yako imekwisha. Safari moja behewa letu halikuunganishwa kabisa kwenye treni, likawekwa jingine lenye namba tofauti. Nilimtafuta mkaguzi, nikamwonyesha uthibitisho wa kubuku, akatupa viti vingine. Mwenzangu wa kiti cha jirani alinyamaza na akasimama hadi mwisho. Kwa hiyo sema, ni haki yako.

Beba pasipoti na kadi za ukaazi za wote wanne, za watoto pia, mkononi na si ndani ya sanduku. Ujerumani imerudisha ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi huingia ndani ya treni. Na shemeji akitamani kuongeza London, kadi ya ukaazi ya Ujerumani haimwingizi Uingereza. Viza inatakiwa, na hukaguliwa Paris kabla ya kupanda.

Umesema ni wiki ya pili ya Julai. Ningekuwa wewe, leo usiku ningeanza na Paris – Zurich, viti vinne, halafu Frankfurt – Paris. Milan hata kesho.