Maswali kwa Mwalimu: Mtoto yuko kidato cha sita, na nyumba nzima haina usingizi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwenye nyumba zenye mtoto wa kidato cha sita. Nimechagua tatu. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na kumi na miwili kati ya hiyo nililala karibu na bweni la wasichana nikiwa matroni, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyakosea mwenyewe.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), shule ya kutwa. Tangu matokeo ya mock, ule mtihani wa majaribio, yatoke amebadilika. Anasoma mpaka saa nane usiku, asubuhi ya jaribio anatapika, na chakula anakigusagusa tu. Mock alipata daraja la pili, pointi 11. Baba yake kila jioni anamwambia, "Ukiteleza hapo sahau chuo, mimi ada sina, na Bodi ya Mikopo haitakupa mkopo." Nikimtetea naambiwa namdekeza. Mtihani ni Mei. Nifanye nini?
*Mama wa Kihonda, Morogoro*

Marahaba, mama. Humdekezi. Tuanze na kutapika. Kabla hujaamua kwamba ni woga, mpeleke zahanati apimwe. Nimewahi kuona mabinti wakiambiwa "ni mtihani huo" kumbe ni malaria, au vidonda vya tumbo. Vipimo vikiwa safi, basi ni hofu, na hofu nayo ni ugonjwa wa kweli wa mwili: tumbo linakaza, moyo unakwenda mbio, kichwa kinasahau hata alichokijua jana.

Sasa maneno ya baba. Mengi si kweli, na ninaomba umwambie hivyo kwa heshima, mkiwa wawili. Pointi 11 ni daraja la pili, na daraja la pili linaanzia 10 hadi 12. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Hesabu hii si ile ya daraja: hapa A inahesabiwa 5 na E inahesabiwa 1. Yaani D mbili zinafika. Kozi kama udaktari zinadai zaidi na ushindani wake ni mkali, lakini binti yako hayuko ukingoni mwa shimo. Na mkopo haugawiwi kwa kufuata daraja. Bodi ya Mikopo hutazama kama mwombaji amedahiliwa na kama familia yake ina uhitaji. Wanaotazamwa kwa alama za juu ni wale wa Skolashipu ya Samia, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri sana kwenye sayansi. Kwa hiyo kila jioni mtoto anatishwa na kanuni ambayo haipo.

Simlaumu mzee. Mwanaume asiyejua ada itatoka wapi huongea hivyo. Hofu ni yake, ila inamtoka mdomoni na kumwangukia binti. Kuna mwanafunzi wangu mmoja nilimkuta bombani saa kumi alfajiri, siku nne kabla ya pepa ya kwanza. Karai mbele yake, povu limekwisha, anafua shati. Nililishika lile shati. Lilikuwa safi, kola nyeupe kabisa, na vidole vyake vimejikunja kwa baridi. Nikamuuliza kwa nini hajalala. Akasema, "Mwalimu, nikifumba macho namwona baba anahesabu hela." Somo halikuwa tatizo lake. Alikuwa amebeba mitihani miwili, wa Baraza la Mitihani na wa mfuko wa baba yake, na ule wa pili hakuwa na namna ya kuusomea.

Ndiyo maana ninakuomba jambo moja kubwa kuliko mengine yote: masuala ya ada na mkopo yatoke kabisa mikononi mwa binti mpaka atakapoweka kalamu chini. Na usiishie kumwambia mumeo anyamaze, maana hataweza. Mpe kazi. Nunua bahasha kubwa ya kaki, mwambie, "Baba, hii ni yako." Ndani yake akusanye cheti cha kuzaliwa cha mtoto na namba ya kuonyesha kimehakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, nakala ya cheti cha kidato cha nne, kitambulisho na picha ya mdhamini, na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mtoto kama anayo. Aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema ajue anapatikana siku gani, kwa sababu fomu ya mkopo inahitaji sahihi yake, kisha sahihi na mhuri wa wakili au hakimu. Aweke pembeni ada ya maombi, ambayo imekuwa shilingi 30,000. Mtu mwenye bahasha ya kujaza hapati muda wa kutisha watoto.

Ninasema hivi kwa sababu mimi nilishindwa. Mwanangu wa pili alipokuwa kidato cha sita, niliacha vyeti mpaka wiki ya mtihani. Usiku mmoja nikaviweka viwili mezani nikaona jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi "m" mbili, cha kidato cha nne kina moja. Herufi moja tu, lakini mfumo unataka majina yafanane, na tofauti kama hiyo hurekebishwa kwa hati ya kisheria, yenye gharama na siku zake. Nilimfokea. Nilimuuliza ulikuwa unajaza fomu ya usajili macho yako yako wapi. Kesho yake alikuwa na pepa ya Kemia. Hakunijibu neno. Alifunga daftari taratibu, akazima taa, akalala na nguo za mchana. Jina lilirekebishwa kwa wiki mbili. Ule usiku sijaweza kuurekebisha, ingawa nilimwomba radhi na alinisamehe.

Kuhusu usomaji: umri wake unahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Ubongo unapanga uliyojifunza wakati umelala, kwa hiyo kukesha mpaka saa nane usiku kunamfutia kazi ya mchana. Taa izimwe saa nne, aamke saa kumi na mbili. Mwanzoni atalia kwamba unampotezea muda. Kaa naye kitandani dakika kumi, usimhubirie. Mchana badala ya kusoma daftari lilelile mara ya tano, afanye pepa za miaka ya nyuma kwa saa, kalamu chini muda ukiisha, kisha asahihishe. Hofu ya chumba cha mtihani hupungua kwa kukizoea chumba hicho. Asubuhi ya pepa mpe uji mwepesi na kitu kidogo kikavu, usimlazimishe sahani. Akirudi, usimuulize swali la tatu aliandika nini. Muulize kama anataka maji ya kuoga.

Na hili nalisema kwa uzito: akianza kusema afadhali asingekuwepo, akigawa vitu vyake, au akiacha kabisa kuzungumza, usingoje Mei. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo na umweleze daktari kila kitu. Mtihani unaweza kurudiwa.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni baba mdogo. Kaka yangu alifariki 2014 kijijini na cheti cha kifo hatukuwahi kuchukua. Mwanawe nimemlea mimi, sasa yuko kidato cha sita bweni. Mama yake yupo, aliolewa kwingine. Watu wananishauri tuandike wazazi wote wamefariki ili apate mkopo haraka. Nianzie wapi, na nianze lini?
*Baba mdogo, Urambo*

Marahaba, baba. Anza wiki hii. Kifo ambacho hakikusajiliwa kwa wakati bado kinasajiliwa, kupitia ofisi ya msajili iliyoko kwa Mkuu wa Wilaya. Nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji alipofia kaka yako upate barua. Watu wengi wanachanganya mambo mawili: kupata cheti ni hatua moja, kukihakiki RITA kwa ajili ya mkopo ni nyingine, na ya pili haifanyiki kabla ya ya kwanza. Ukingoja dirisha la maombi lifunguliwe, Juni au Julai, utakuwa kwenye foleni na nchi nzima.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria mara tu baada ya mtihani, na mafunzo hayo ni ya miezi mitatu. Matokeo yanatoka Julai yeye akiwa kambini. Kumpata kwa simu si rahisi, na huo ndio wakati unaohitaji sahihi yake. Kwa hiyo siku anayotoka shuleni, kabla hajapanda basi la kambi, keti naye mpange: namba yake ya mtihani wa kidato cha nne uiandike, kwa sababu maombi hufunguliwa kwa hiyo, picha zipigwe, wewe uwe mdhamini kama mnakubaliana.

Mkienda steshenari kujaza, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya simu ya kijana au yako, na nywila muiandike nyinyi. Nimepokea wazazi wengi ambao kijana wa steshenari alitumia namba yake mwenyewe, na wiki mbili baadaye hayupo, na ujumbe wa Bodi unakwenda kwake.

Mama yake usimwandike marehemu. Ni uongo kwenye fomu ya kiapo, na kijana ataubeba yeye. Mwandike alivyo. Kufiwa na mzazi mmoja kunatambuliwa, ilimradi cheti kipo. Mtafute huyo mama, mwombe taarifa zake kwa upole. Wengi huogopa kuulizwa tu walikuwa wapi miaka yote.

Kijana mwenyewe mwambie sentensi moja wiki hii: "Cheti cha baba nakishughulikia mimi." Atasoma vizuri zaidi.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Baba ni fundi seremala na hataki kusikia habari ya mkopo. Anasema katika ukoo wetu hakuna aliyekufa na deni na sitakuwa wa kwanza. Mama ananiambia nisubiri. Nikiwaza hili darasani sisikii hata mwalimu anasema nini. Nifoji sahihi yake?
*Kijana, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Usifoji. Hata usiiwaze tena.

Baba yako hakuzuii kusoma. Amekaa na neno "deni" kama linavyokaa dukani: mtu anakuja mlangoni, anabeba godoro. Huu ni mkopo wa namna nyingine na inafaa aelezwe. Ukiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka uishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikifanya deni livimbe, ilifutwa mwaka 2021. Hakuna atakayekuja kubeba randa yake.

Lakini usimweleze wewe kwanza. Mtafute mjomba, au mzee anayemheshimu kanisani au msikitini, amweleze jambo hili kabla yako. Kisha mwombe mwenyewe muda, jioni akiwa ameshanawa mikono, si karakana mbele ya wateja. "Baba, naomba tukae kidogo." Mwonyeshe karatasi ya ada ya chuo unachokitaka ili muisome pamoja. Akinyamaza, mwache anyamaze. Rudi kwake baada ya siku tatu.

Mweleze pia kwamba Bodi huweza kukupa sehemu tu ya gharama, na kwamba ada ikitolewa huenda chuoni moja kwa moja, hela ya chakula na malazi ndiyo inayoingia kwako. Kwa hiyo bado utamhitaji yeye. Wazee wengi hukataa mkopo kwa sababu wamesikia kwamba sasa serikali ndiyo itakayomsomesha mtoto wao, na wao hawana nafasi tena. Akikataa kabisa kuwa mdhamini, mama au mjomba anaweza kuwa, lakini baba awe anajua.

Haya yote yanasubiri mpaka umalize pepa ya mwisho. Mkabidhi mjomba barua hii leo, wewe urudi darasani. Na baba akiwa na maswali, aniandikie yeye mwenyewe. Nitamjibu kwa barua, si hapa gazetini.