Re: Semina za lishe vijijini zina faida au tunapoteza hela?

Mkuu, umeuliza kama elimu ya afya ina thamani yoyote, maana huko kwenu Njombe semina za lishe haziishi na watoto bado wamedumaa (wafupi kuliko umri wao). Thamani ipo, ila tunaipima vibaya. Ripoti nyingi zinahesabu waliosaini na vipeperushi vilivyogawiwa, basi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati nchi nzima ni 30. Na mahindi, maharage na parachichi vimejaa huku! Inauma sana.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wilaya ya Kilolo, hapa Iringa. Kuna mama alihudhuria vipindi vyote, makundi ya chakula anayataja bila kukosea. Nikapiga hodi kwake saa sita mchana: sufuriani uji mweupe wa sembe, pembeni kikapu cha mayai kimefunikwa khanga, yanasubiri mnada. Akaniambia, "Dada, hayo ya baba yao." Yaani elimu anayo, mayai hana amri nayo. Tangu hapo tunawaita akina baba na mabibi pia.

Kwa hiyo kabla mradi haujaanza, pimeni urefu wa watoto (si uzito peke yake) na muulize walikula nini jana. Rudieni baada ya mwaka, mkilinganisha na kijiji ambacho hakikufikiwa.

Semina zenu huko, akina baba huwa wanaitwa?