Magari madogo ya kifahari: tunajibu wanunuzi

SWALI: Nimepata Audi A3 ya 2014, petroli lita 1.4, otomatiki ya gia 7, imetembea kilomita 110,000. Bei yake ni sawa na ya gari la kawaida lisilo kuukuu hivyo. Niichukue?

JIBU: Ichukue ikiwa giaboksi ni nzima. Ikiwa ina dosari, achana nayo hata ukipunguziwa bei, kwa sababu gari hushuka thamani kadiri linavyozeeka lakini vipuri vyake vinabaki na bei ya kifahari.

Giaboksi hiyo hujulikana kwa jina la DQ200. Ina klachi mbili kavu, hazipozwi na oili, ndiyo maana foleni inazila: kila gari linapojikokota, klachi zinasuguana na kupata joto. Usikubali kuijaribu ikiwa baridi, maana ikiwa baridi huficha mengi. Endesha dakika 20 hivi, kisha ingia kwenye msongamano au uwanja mtupu, achia breki bila kukanyaga mafuta, uiache itambae gia ya 1 na ya 2. Inatakiwa iondoke laini. Ikitetemeka au kugonga, klachi zinaelekea mwisho. Rudia kwenye mwinuko mdogo, halafu rivasi, kwa sababu hapo ndipo udhaifu hujitokeza zaidi.

Ugonjwa wake wa pili ni mekatroniki, kitengo chenye umeme na haidroli kinachochagua gia. Kikipoteza presha, alama ya gia humwekamweka kwenye dashibodi na gari linaweza kukataa kuondoka kabisa. Mpe fundi asome kompyuta ya giaboksi, si ya injini peke yake. Akikuta makosa yamefutwa karibuni, mwulize muuzaji alikuwa anafuta nini.

Upande wa injini, A3 ya kizazi hiki yenye lita 1.4 inatumia mkanda wa taimingi, unaoendesha vali za injini zifunguke kwa wakati; injini nyingine hutumia cheni kwa kazi hiyo. Cheni iliyowapa watu taabu ilikuwa kwenye injini ya 1.4 iliyotangulia, na wauzaji wengi huzichanganya. Chungulia pampu ya maji, upande wa giaboksi: ukiona ukoko wa waridi, kulenti, yaani maji ya kupoza injini, inavuja pale. Omba pia uthibitisho kwamba oili ya breki hubadilishwa kila miaka 2.

Usisahau matairi. Tarakimu 4 za mwisho wa namba ya DOT, iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Matairi manne ya kampuni nne tofauti yanakueleza jinsi mwenye gari alivyokuwa akilihudumia, tena kwa uaminifu kuliko yeye mwenyewe.

SWALI: Kati ya BMW 118d ya 2012 na ya 2016, nilipe zaidi nipate ya 2016?

JIBU: Ndiyo, bila kusita. Ya 2012 ina injini ya N47, na cheni yake ya taimingi iko nyuma, upande wa giaboksi. Ikilegea, fundi analazimika kushusha giaboksi au injini nzima ili aifikie, na ikikatika injini huharibika. Mwaka 2015 iliingia B47. Hata hiyo cheni iko nyuma, lakini ni imara zaidi.

Kama mfuko unaruhusu ya 2012 tu, fika mapema na uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha makusudi. Rudi siku nyingine, iwashwe baridi, usikilize mlio wa kukwaruza kutoka nyuma ya injini, halafu kanyaga mafuta taratibu hadi injini ifike mizunguko 2,000 kwa dakika. Ukiusikia, ondoka.

SWALI: Lexus CT 200h haina mambo hayo?

JIBU: Haina klachi wala tabo (turbo). Injini yake ya lita 1.8 na mfumo wa haibridi (petroli na umeme pamoja) vinatokana na Toyota Prius ya kizazi cha tatu. Kagua mambo mawili. Kwanza feni inayopoza betri, nyuma ya gari: ikijaa vumbi, betri hupata joto na kufa mapema. Pili mfumo wa EGR, unaorudisha moshi kwenye injini: ukizibwa na masizi huweza kuchangia kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Injini ikitetemeka sana inapowaka asubuhi huku kulenti ikipungua bila kuvuja nje, usilipe.